Nimeitwa kazi ya usoja hapa Mombasa. Walioifanya, niambieni ukweli wake

Kijana wa Mshomoroni

Assalaam aleikum wakubwa zangu na wenzangu.

Nina miaka 23, nakaa Mshomoroni na mamangu na wadogo zangu wawili. Kidato cha nne nilimaliza lakini alama hazikunifikisha mbali. Tangu hapo nimekuwa utingo wa matatu, na gari lenyewe sasa liko gereji mwezi wa pili. Binamu yangu ameniunganisha na kampuni moja ya ulinzi. Wameniambia niende Jumatatu na kitambulisho, cheti cha shule na cheti cha maadili mema.

Mamangu hataki hata kusikia. Asema usoja ni kazi ya wazee waliochoka, na tena kuna jirani yetu alikatwa panga akilinda duka, mkono wake haunyooki hadi leo. Mie nataka kusikia kwa mtu aliyevaa hizo sare. Usiku unakuwaje? Pesa zakatwa kweli kama watu wasemavyo? Na je, mtu anaweza kufanya kazi hii huku asoma kitu kingine? Sitaki kuingia halafu nitoke baada ya mwezi, nimuongezee mama mawazo.

Mlinda Geti

Waaleikum salaam mwanangu. Nimefanya kazi hiyo miaka 9, kampuni mbili, nimeacha kwa hiari yangu na sasa nina kiduka Bombolulu. Nitakuambia niliyoyaona kwa macho yangu.

Lindo langu la kwanza lilikuwa nyumba ya watu Nyali, karibu na bahari. Zamu ni saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Wape salamu wa mchana, pokea rungu, tochi, filimbi na redio, zunguka ukuta mzima kabla mwenzako hajaondoka, mkubaliane kila kitu kiko mahali pake. Hapo ndipo wengi hukosea. Mwenzako ana haraka ya kwenda zake, nawe waona aibu kumshikilia. Mshikilie. Akishatoka getini, kila kilichovunjika ni chako.

Usiku wenyewe una milango yake. Saa mbili mpaka saa sita si kitu, watu waingia na kutoka, wafungua geti na kufunga. Saa saba mwili waanza kudai. Saa tisa ndiyo saa mbaya kuliko zote. Usingizi wa saa tisa hauji kama usingizi, waja kama mawazo mazuri. Wajikuta wafikiria kwenu, wafikiria chakula, kumbe umeshalala wima. Mie nilijifunza kutokaa kabisa kati ya saa nane na saa kumi. Nilikuwa nazunguka, naosha uso kwenye bomba la bustani, nahesabu taa za meli zilizotia nanga nje zikingoja kuingia Kilindini. Wakati wa kaskazi ni joto na mbu. Wakati wa kusi, Mei na Juni, mvua yaja kwa ubavu, na kibanda cha askari wengi hakina mlango. Nunua koti la mvua lako mwenyewe, usingoje la kampuni.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuambiwa na mtu, nikalilipia. Kila lindo lina kitabu cha matukio, sie twakiita OB. Kila saa waandika. Askari wengi huandika neno moja tu, shwari, shwari, shwari, mstari baada ya mstari. Na kuna mchezo ambao utaukuta, askari ajaza mistari ya saa sita mpaka saa kumi na moja kwa mpigo, kisha ajiegemeze. Nami niliufanya, mwaka wangu wa kwanza. Usiku mmoja niliamka saa kumi na moja kasoro nikasikia maji yamwagika nyuma ya nyumba. Pampu ya kisima imeng'olewa, bomba limekatwa kwa msumeno, uwanja wote tope. Na kwenye kitabu, kwa mkono wangu, imeandikwa saa tisa shwari, saa kumi shwari, saa kumi na moja shwari, na saa kumi na moja yenyewe haijafika.

Sikuwa na la kujitetea. Kampuni ilinikata elfu mbili kila mwezi kwa miezi saba. Sheria ya Ajira ya 2007 yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara uliyoisababisha kwa makusudi ya kupuuza kazi, lakini makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara. Yangu hayakupita, na kosa lilikuwa langu. Kilichoniuma ni yule mama mwenye nyumba, aliyekuwa akiniletea futari Ramadhani nzima, sambusa na uji wa pilipili manga, aliacha kunitazama usoni.

Kutoka siku ile nikawa mtu wa kuandika. Si shwari tena. Naandika gari gani limepita mara mbili, taa gani imezimika, mbwa wa jirani amebweka upande gani, nani amekuja kuniomba kiberiti na saa ngapi. Wenzangu walinicheka, wakasema naandika barua za posa.

Baada ya miaka mitatu nikahamishwa yadi ya makontena Miritini. Huko ndiko nilikoelewa kazi ni nini. Kontena lina herufi nne na tarakimu saba, zimeandikwa mlangoni na ubavuni, na mlango umefungwa kwa sili ya chuma yenye namba yake. Lori likitoka, askari wa geti asoma namba ya kontena, asoma namba ya sili, alinganisha na karatasi ya kutokea. Ni kazi ya macho tu. Lakini malori huja kumi kwa foleni, dereva yuko juu apiga honi, karani wa yadi akuambia fungua baba, meli yangoja, na mwanga wa geti ni taa moja yenye wadudu.

Usiku mmoja, saa nane na dakika arobaini, lilikuja trela. Kontena sawa, herufi sawa, tarakimu sawa. Sili kwenye karatasi yaishia 618. Nikamulika tochi mlangoni, naona 681. Nikasugua vumbi kwa kidole gumba. 681. Dereva akasema ni mwandiko tu wa karani, mzee. Karani akaja, akasema nimekwambia fungua. Nikamwambia bwana mkubwa, nitafungua ukiniandikia hapa kwamba umeona namba mbili na umeniruhusu, utie sahihi. Akatukana mamangu, na mamangu alikuwa amefariki. Nilitetemeka mwili mzima, nami si mtu wa kutetemeka. Nikaita kontrol, ofisi ya kampuni ya kupokea redio, nikaandika yote, namba iliyo kwenye karatasi, namba iliyo kwenye chuma, saa, namba ya lori, na maneno aliyosema karani bila lile tusi.

Lori lile lilikaa getini mpaka asubuhi. Mkuu wa yadi alipokuja wakagundua makontena mawili yamebandikwa sili kimakosa, ya hili kwa lile, na lori la pili lilikuwa foleni hapo hapo, nyuma ya malori matatu. Hakuna aliyekuwa akiiba. Lakini yote mawili yangetoka na sili zisizo zake, na siku mlango ungefunguliwa huko mbele na kitu kimoja kisipatikane, swali la kwanza lingekuwa nani alikuwa getini.

Mwenye mzigo alilalamika kwa kuchelewa, akataka kampuni yetu ilipe. Supavaiza wangu alikwenda kwenye kikao na kile kitabu. Alirudi akaniwekea mkono begani, hakusema kitu. Sikukatwa hata senti.

Kuhusu mamako, ana haki ya kuogopa. Askari wa kampuni hapa Kenya hana bunduki, wale uwaonao na bunduki kwenye magari ya pesa ni polisi. Una rungu, una filimbi, una kitufe cha alamu. Wakija watu watano na panga, kazi yako ni kubonyeza alamu na kujificha uone nyuso, si kupigana nao. Kampuni nzuri hukwambia hivyo siku ya kwanza ya mafunzo. Ya pili kwangu ilituambia, ya kwanza haikutuambia. Na uulize Jumatatu kama wana bima ya ajali kazini, maana Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 yamlazimisha mwajiri kuwa nayo. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Huyo jirani yenu alilipwa au hakulipwa?

Askari Mwanamke, Nyali

Kaka Mlinda Geti kasema ya usiku, niseme ya mchana. Mimi nasimama kwenye mlango wa jengo la maduka, mwaka wa 5 sasa.

Tangu shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate kule Nairobi Septemba 2013, kila mlango wa jengo kubwa lazima mkoba upekuliwe na mtu apitishwe kile kidude cha kugundua chuma. Wanawake hupekuliwa na wanawake, kwa hiyo kampuni zatutafuta sana, na dada zako pia wana nafasi, waambie. Kazi yangu ni mikono na maneno. Mama amevaa buibui, amebeba mtoto, ana mifuko mitatu, jasho lamtoka, nami namsimamisha. Nikianza na kidude kabla ya salamu, atanichukia. Nikisema shikamoo mama, samahani, nikutazamie mkoba kidogo nikusaidie kubeba huyu mdogo, yaisha kwa sekunde kumi. Ndani ya mkoba wa mtu utaona mambo yake, dawa, barua za hospitali, pesa zimefungwa kwenye leso. Usiyaone. Tazama kwa chuma, tazama kwa uzito, funga zipu mwenyewe umrudishie kwa mikono miwili.

Miguu ndiyo huumia. Saa kumi na mbili wima juu ya marumaru. Viatu vya kampuni ni vigumu, mie naweka soli ya sponji niliyokata kwenye godoro kuukuu. Na choo, tuombeane, maana huwezi kuacha mlango mpaka aje wa kukushikia, na wa kukushikia aweza kukawia saa nzima. Nimepata maradhi ya mkojo mara mbili kwa kutokunywa maji makusudi. Siku hizi nakunywa, na nikihitaji kutoka naita kwa redio mpaka waje, hata wakinuna.

Kinachonipa moyo ni kwamba najua watu. Najua mzee fulani huja kila Alhamisi kununua dawa za kisukari. Siku moja alipita mbele yangu anayumba, salamu yangu hakuijibu, na si kawaida yake. Nikamkalisha kwenye kiti, nikamwita mwanamke wa duka la dawa, wakampa maji ya sukari. Mtu asiyemjua angedhani ni mlevi.

Dereva Changamwe

Nawaheshimu wote waliosema, lakini mdogo wangu usipoteze ujana wako. Mie nilikaa miezi 8. Saa kumi na mbili kwa siku, siku sita, wengine siku saba. Agizo la mishahara ya sekta ya ulinzi la 1998 lasema wiki ni saa 52. Kumi na mbili mara sita ni 72. Hizo 20 zilizobaki kila wiki ni saa za ziada na zinapaswa kulipwa mara moja na nusu. Mie sikuwahi kuziona kwenye karatasi ya malipo hata mwezi mmoja. Mwaka wa 2024 mamlaka inayosimamia kampuni za ulinzi ilitangaza askari asilipwe chini ya Sh30,000, tukashangilia, jambo likapelekwa mahakamani, likasimamishwa. Wenzangu bado wako pale pale. Rudi kwenye matatu.

Mlinda Geti

Dereva hakudanganya hata neno. Hesabu ya saa 20 ni sahihi, na ni dhuluma kubwa kuliko makato yote niliyoyataja. Nami kampuni yangu ya kwanza hawakunilipa. Ya pili walinilipa, kwa sababu chama cha wafanyakazi kilikuwa na watu wake pale na karatasi ya malipo ilionyesha kila kitu kwa mstari wake. Kwa hiyo mwanangu, mwombe yeyote anayefanya kazi kwenye hiyo kampuni akuonyeshe karatasi yake ya malipo ya mwezi uliopita, afiche jina. Itakwambia yote. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida kwa Nairobi, Mombasa na Kisumu kiliwekwa Sh16,113 na agizo la Novemba 2024, na mlinzi wa usiku akawekwa juu ya hapo. Ukiona mshahara wa msingi uko chini yake, hiyo kampuni iache.

Kijana wa Mshomoroni

Shukran sana ami, na shukran dada na kaka dereva. Nimemsomea mama yote, hata lile la tusi, akanyamaza muda mrefu. Jirani yetu hakulipwa kitu, ami. Alikuwa ameajiriwa na mwenye duka tu kwa mdomo, si kampuni.

Nina maswali mawili. Binamu asema nibebe Sh3,500 siku ya kwanza ya sare na mafunzo. Na lile la kusoma hamjanijibu. Nataka kujifunza ufundi wa umeme, jioni.

Mlinda Geti

Alaa, basi mwambie mama nimempa pole, na huyo jirani amenihuzunisha. Ndiyo tofauti ya kuandikiwa mkataba na kuajiriwa kwa maneno.

Hizo 3,500 zanipa wasiwasi. Kampuni zote mbili nilizofanya, sare ilikuwa mali ya kampuni, wakupa, watia sahihi, waondoka wairudisha. Pesa uliyopaswa kutoa mwenyewe ni ya cheti cha maadili mema, Sh1,050, unajaza kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kisha wapigwa alama za vidole. Anayetaka pesa nyingine, mwombe risiti yenye jina la kampuni kabla ya kutoa. Akikataa, umeshapata jibu lako. Tena ulizia kama kampuni yenyewe imesajiliwa na ile mamlaka aliyoitaja Dereva. Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi ya 2016 yataka kampuni isajiliwe, na wewe askari pia usajiliwe na upate mafunzo.

Kuhusu kusoma, usiombe zamu ya usiku ukidhani utasoma usiku. Nimeona vijana wawili wakijaribu. Kitabu mbele ya macho saa tisa ya usiku ni dawa ya usingizi, na supavaiza akikukuta unasoma wakati wa doria huna la kusema. Omba zamu ya mchana ya lindo lenye siku ya mapumziko isiyobadilika, ofisi au shule, usikubali nyumba ya mtu. Kisha tafuta masomo ya siku hiyo ya mapumziko pamoja na jioni mbili. Utachoka. Mwenzangu mmoja wa Miritini alimaliza udereva wa magari makubwa hivyo hivyo, ilimchukua mwaka na nusu mahali pa miezi mitatu. Sasa yeye ndiye hupiga honi getini, na kila akipita hunisalimu kabla ya kuzima injini.

Ukipewa yadi za Miritini au Changamwe, toka Mshomoroni kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Ukichelewa, foleni ya malori itakufungia Changamwe na wa usiku ataondoka bila kukukabidhi. Na uwe na kalamu mbili za biki, nyeusi, moja ifunge kwa uzi kwenye kitabu, moja mfukoni kwa usiku wa mvua. Kalamu za kampuni hufutika zikilowa.

Ukishapangiwa lindo niambie ni wapi.